Maswali Manne ya Gichunge

Ukiingia jikoni kwangu, tafadhali usishangae. Kopo la majani limebandikwa karatasi iliyoandikwa "chai". Hilo linaeleweka. Lakini kopo la sukari nalo limeandikwa "chai", tangawizi "chai", kichujio "chai", thamosi "chai", na jiko la gesi lina karatasi ndefu kama risiti: chai, ugali, chapati, maji ya kuoga. Shangazi yangu alipotutembelea kutoka Nyeri alisimama katikati ya jikoni, akasoma ukuta wote, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nyawira, mume wako yuko sawa kichwani?"

Yuko sawa. Ni kazi tu imemwingia kwenye damu.

Mume wangu Gichunge anafanya kazi katika maktaba ya jamii hapa Isiolo, kile chumba kirefu nyuma ya soko chenye mabati yanayolia jua likikaza. Ni Mmeru mwembamba, mpole, anayevaa sweta hata siku ambayo mbuzi wanatafuta kivuli. Kila kitu akikishika lazima akiulize maswali manne. Ni cha nani? Ni cha wapi? Ni cha lini? Kinahusu nini? Akishapata majibu anayaandika, na akishayaandika anatabasamu kama mtu aliyekula akashiba.

Tulikutana kwa sababu ya maswali hayo hayo. Mimi nauza sare za shule, na mteja mmoja alikuwa ameniagiza rinda la shule ambayo ilishabadilisha rangi zamani. Nikaenda maktaba kutafuta kitabu cha ushonaji. Nilitoka na kitabu, na picha ya wasichana wa shule hiyo wamevaa rinda lenyewe, na kanda ya mwalimu mkuu wao akieleza kwa nini walichagua kijani. Kitabu kilitoka kwa rafu, picha kwa sanduku, kanda kwa kabati la chuma. Nani anamfanyia mteja hivyo? Kesho yake nilirudi, na haki sikuwa na haja ya kitabu chochote.

Wakati huo alikuwa anayabeba hayo yote kichwani. Vitabu vilikuwa na orodha yao, picha za ile studio ya zamani zilikuwa na yao, kanda zilizorekodiwa na walimu zilikuwa na yao, vipande vya magazeti na ramani hata havikuwa nayo. Kila sanduku lilizungumza lugha yake. Mtu akiuliza habari za mashamba ya Rapsu alipewa kitabu, akaenda zake, na huku ramani ya mifereji ya Rapsu imelala hatua chache tu kutoka alipokuwa amesimama. Jambo hilo lilimuuma Gichunge kama jino.

Basi alianza kuvieleza vyote kwa maneno yale yale, kitu baada ya kitu, akiviingiza kwenye kompyuta. Ukiandika "Rapsu", vinatoka vyote: kitabu, ramani, picha, sauti. "Vitu haviwezi kukaa rafu moja, Mama Ntinyari," aliniambia, Ntinyari akiwa binti yetu. "Lakini ukiviita kwa neno moja, vinaitana vyenyewe." Nilimwambia mimi nikimwita kwa jina lake halisi akafungue lango haitiki, sasa hivyo vitu vina masikio gani. Alicheka. Ilimchukua miaka, na siku alipomaliza alitangaza kanisani, mbele ya watu, kwamba mtu yeyote aje aandike jina lolote aone maajabu.

Mdomo! Mdomo uliponza kichwa.

Sasa nikwambie habari za ndugu yangu Mbuthia. Analima vitunguu Rapsu, na katika kuhangaika na dawa za mimea akamjua Gaceri, anayefanya kazi katika ofisi ya kilimo. Walipendana mpaka ikawa kero. Simu ikilia, Mbuthia anaacha chakula. Gaceri ni binti ya Mzee Mungania, mfanyabiashara wa miraa na mzee wa kanisa, mtu ambaye akikohoa kwaya inanyamaza. Kwa desturi ya Wameru tukampelekea kifurushi cha miraa ya posa, kimefungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Baba ya msichana akikifungua na kuwagawia wazee, ina maana mazungumzo yameanza. Akikirudisha kimefungwa, ndiyo basi.

Kilirudi kimefungwa. Tena kilirudi kwa boda boda! Hata mtu wa kusema pole hakutumwa, ni kijana na helmeti yake, "Nimeambiwa nilete hapa." Ndugu yangu alikipokea kwa mikono miwili, akakaa nacho kwenye benchi la duka langu, katikati ya masweta ya shule, akilia bila sauti. Mtu mzima wa ndevu. Sijawahi kuumia hivyo.

Jioni Gaceri alinipigia. Alikuwa amelia pia. "Dada, baba alienda maktaba," alisema. "Aliandika jina la Mbuthia kwa kompyuta."

Nilifunga duka nikaenda kwa mume wangu. Tukaandika pamoja: Mbuthia Kiarie. Ikatoka picha ya ndugu yangu akiwa golikipa, ameshika kikombe. Ikatoka picha yake nyingine kwenye kijitabu cha maonyesho ya kilimo. Na chini ya hizo, kana kwamba ni hatua iliyofuata katika maisha ya mtu huyo huyo, kikatoka kipande cha gazeti kisicho na tarehe: Mbuthia Kiarie, mnunuzi wa mifugo mjini Isiolo, amefungwa jela kwa kupatikana na ng'ombe wa wizi.

"Huyu ni nani?" niliuliza, ingawa moyo ulishaanza kujua.

Gichunge alivua miwani. "Ni guka yenu," alisema. Guka ni babu. "Nimewaunganisha. Nimewafanya mtu mmoja."

Kwetu Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la baba ya baba yake. Babu yangu alikuwa Mbuthia mwana wa Kiarie. Akamzaa Kiarie, baba yangu. Baba akamzaa Mbuthia, ndugu yangu. Kwa hivyo babu ni Mbuthia Kiarie na mjukuu ni Mbuthia Kiarie, na mwaka ukikatwa na makasi huwezi kuwatenganisha. Gichunge anayajua hayo, ni mkwe wetu, na Wameru nao hurithisha majina. Lakini yule aliuliza "nani", akapata jina, akatosheka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu Ntinyari ameanza kusoma. Usiku ule alikula githeri ya mahindi na maharagwe isiyo na chumvi, akamaliza sahani.

Asubuhi alienda kazini mapema. Alitoa kile kipande cha gazeti, akakigeuza. Nyuma yake kulikuwa na matokeo ya mtihani wa darasa la saba, na kila mtu anajua mtihani huo ulikufa zamani, kabla ndugu yangu hajawa hata wazo. Sasa alikuwa na ushahidi wa "lini". Akawatenganisha kwenye kompyuta, babu mbali, mjukuu mbali, na mchana akaenda mwenyewe kwa Mzee Mungania kusema kosa ni lake.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Asante kwa ukweli," alisema. "Lakini wewe ni Mmeru, Gichunge, unajua jina halitolewi bure. Anayepewa jina anarudisha mwenye jina. Huyo kijana amepewa jina la mwizi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mjukuu je?"

Gichunge alirudi nyumbani amechoka kuliko mtu aliyebeba mawe. Mimi nikaenda kwa baba. Baba yangu Kiarie ni mtu wa maneno machache; huuza mbegu, akirudi nyumbani husikiliza redio. Nilipomtajia gazeti aliizima redio.

"Ni kweli alifungwa," alisema. "Nilikuwa mdogo. Nimekua katika mji huu nikiitwa mtoto wa mwizi. Sikutaka nyinyi muitwe hivyo, ndiyo maana nilinyamaza."

"Sasa baba, mbona ukampa Mbuthia jina hilo?"

Aliniangalia kama nimeuliza kitu cha mtoto. "Ni baba yangu," alisema.

Nilirudi nyumbani na hasira mpya. Nikamwambia Gichunge akifute kile kipande cha gazeti. Afute, achome, ameze, shauri yake, lakini kisionekane tena. Na hapo mume wangu mpole, anayeomba msamaha hata kwa kuku akimkanyaga, aliniambia hapana.

"Nikikifuta, wanaokumbuka wataendelea kukumbuka," alisema. "Mungania ameshasoma. Guka yenu atabaki mwizi, na hakutakuwa na kitu cha kuulizia. Afadhali kibaki, tujue kinaitana na nini."

"Kinaitana na kufa kwa ndugu yangu!" nilimwambia. Tulilala kila mtu ameangalia ukuta wake.

Lakini huyu mtu, aki, ndivyo alivyo. Alirudi kwa maswali yake. "Nani" ilikuwa imemdanganya, basi akaiweka kando. Akachukua majibu mengine ya kile kipande: soko la mifugo, Isiolo, miaka ile, kesi ya ng'ombe. Akayaandika bila jina la mtu yeyote. Jumamosi alinipigia simu nikiwa na mteja. "Njoo," alisema. "Funga duka uje."

Kompyuta ilikuwa imeleta kanda. Mwalimu mmoja alikuwa amemrekodi mzee Mohamud, Msomali aliyekuwa dalali sokoni, na juu ya kasha akaandika: soko la mifugo, kazi ya udalali, kesi ya ng'ombe. Gichunge aliyanakili maneno ya kasha wakati ule bila kusikiliza kanda yote. Jina Mbuthia halikuwa limeandikwa popote. Aliweka kanda kwenye redio ya zamani ya maktaba, tukainama, na sauti ya mzee ikatoka polepole, Kiswahili chake kikiwa na chumvi ya Kisomali.

"Mimi nilikuwa dalali kijana," alisema mzee. "Mtu sijui, akanipa madume mawili nimtafutie mnunuzi. Nikampelekea Baba Kiarie. Mkikuyu yule alikuwa ananiamini. Kumbe madume ni ya wizi. Polisi wakakuja, wakamuuliza, nani amekuuzia? Sema jina, wewe uende nyumbani. Mimi nimesimama pale pale. Aliniangalia, wallahi, aliniangalia vizuri. Alijua nimeoa juzi. Akasema, simkumbuki. Wakamfunga yeye. Akitoka, nikampelekea mtamba mzuri. Akakataa. Akaniambia, kaa na watoto wako."

Baba Kiarie. Mzee alimwita kwa mtoto wake, kama watu wenye heshima wanavyoita mkubwa, na ndiyo maana jina halikuweza kumpata. Nililia pale pale juu ya kompyuta ya maktaba. Nilimshika Gichunge sweta lake nikamwambia yeye ni mjinga na ninampenda. Yote mawili yalikuwa kweli.

Nilitaka tukimbie na kanda moja kwa moja kwa Mungania. Gichunge alikataa tena. Alisema maneno ya mtu si chumvi ya kuazimana, mzee ameshafariki lakini ana watoto. Akauliza sokoni, akaelekezwa kwa Faduma, mama anayeuza maziwa ya ngamia karibu na stendi. Kumbe ni binti ya mzee Mohamud, na mimi nimenunua maziwa kwake mara ngapi!

"Salaam aleikum, mama," Gichunge alimsalimia, akakaa kwenye mtungi uliopinduliwa, akamweleza yote. Faduma aliomba kuisikia kanda kwanza. Aliisikiliza amejifunika uso kwa mtandio, na ilipoisha akaufunua.

"Baba alikuwa na huzuni moja hatukuijua," alisema. "Hiyo kanda usiipeleke peke yake. Nitaenda mimi mwenyewe, na ndugu yangu Kahin."

Jumapili baada ya ibada tulienda wote kwa Mzee Mungania: baba, ndugu yangu, Gichunge na redio yake, mimi, Faduma, na Kahin, jitu refu linaloendesha lori la maji. Mzee alitukuta langoni. Hakutuambia tukae. Gaceri alisimama nyuma yake mlangoni, macho yamevimba. Ndugu yangu alikuwa hata haangalii juu.

Gichunge aliweka redio kwenye ukuta wa lango, akabonyeza. Mzee Mohamud akasema maneno yake tena, kwenye jua, mbele yetu sote. Baba yangu alikuwa hajayasikia. Nilimwona akishika nguzo ya lango wakati sauti ilipofika kwa "simkumbuki".

Kanda ilipoisha, Mungania alikuna kidevu. Sitamlaumu, alikuwa baba anayelinda binti yake. "Sauti ni nzuri," alisema. "Lakini amesema Baba Kiarie. Akina Baba Kiarie ni wengi kama kuku. Nitajuaje ni huyu wa gazeti? Hata nyinyi watu wa maktaba mlichanganya watu wawili juzi."

Lilikuwa swali la haki, na Gichunge akaanza kuishusha redio. Nikaona Gaceri anageuka kurudi ndani.

Ndipo Kahin akasogea mbele.

"Mzee, shikamoo. Mimi kwa kitambulisho ni Kahin Mohamud," alisema. "Mimi ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa kwetu baada ya hayo mambo. Na nyumbani hakuna mtu ananiita Kahin. Baba aliniita Mbuthia. Mpaka leo mama yangu akinipigia simu anasema, Mbuthia, umekula? Watoto wengine walinicheka, Msomali gani anaitwa Mbuthia. Nikamuuliza baba kwa nini. Aliniambia ni jina la mtu mzuri, nilishike vizuri. Hakuongeza lingine."

Faduma alitikisa kichwa kukubali. "Ni kweli, mzee. Sote tunamwita hivyo."

Baba yangu aliachilia nguzo. Kwetu, mtu akibeba jina la baba yako unamwita baba, hata akiwa mtoto mchanga. Baba alitembea hadi kwa huyo dereva wa lori aliyemzidi urefu, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Baba," alimwambia. "Baba, umekuja." Akalia, mzee wa watu, machozi ya miaka yote ile, na Kahin akamkumbatia kama mtu anayembeba mtu.

Mungania aliwaangalia hao wawili. Alitoa kofia yake, akaishika. Nilifikiri atatoa mahubiri, maana ni mtu wa mahubiri. Badala yake aligeuka akaita kwa sauti yake ile ya kanisani.

"Gaceri! Kuja hapa. Nimekuwa na Mbuthia mmoja nikamkataa, sasa wako wawili langoni kwangu, na jina lenyewe naona ni la kugombaniwa. Sema wewe mbele ya watu, unataka yupi?"

Gaceri alikuja mbio, viatu mkononi. Alimwangalia Kahin, akamwangalia ndugu yangu, ambaye sasa alikuwa ameinua uso wake wote.

"Huyu wa vitunguu, baba," alisema.